Kivuli kinachosoma majina

Kwenye kilima kimoja mjini Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuna uwanja wa mawe ya graniti uliochongwa majina ya watu zaidi ya 1,100. Wote walikuwa watu wa jimbo hilo, na wote walikufa au walipotea katika vita vya Vietnam. Juu ya mawe hayo umechomoza mlingoti wa chuma cha pua, na kutoka hapo unaliona bondeni jengo la bunge la jimbo. Mgeni akitazama majina hayo siku ya mawingu hawezi kujua yamepangwa kwa utaratibu gani. Hayafuati alfabeti, hayafuati vyeo. Jua likitoka, mlingoti unatupa kivuli chake juu ya graniti, na ncha ya kivuli hicho inafika kwenye jina la mtu aliyekufa tarehe kama ya leo. Kesho itafika kwa mwingine.

Aliyebuni kazi hiyo ni Helm Roberts, msanifu majengo wa Lexington, jimbo hilohilo. Ilizinduliwa Novemba 1988. Miaka sita kabla yake, mwaka 1982, Washington ilikuwa imezindua ukuta wake mweusi wa wafu wa vita hivyo hivyo, uliobuniwa na Maya Lin alipokuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Ukuta huo una majina zaidi ya 58,000, nayo yamepangwa kwa mfuatano wa siku walizokufa au kupotea, tangu mwanzo wa vita hadi mwisho. Ukiufuata mfuatano huo unatembea ndani ya historia ya vita vyenyewe.

Roberts aliiweka miaka pembeni akaichukua kalenda. Kwa hesabu yake, aliyekufa tarehe fulani mwaka 1966 na aliyekufa tarehe hiyohiyo mwaka 1970 ni majirani, kwa sababu jua huwafikia siku moja. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa katika kazi yake yote. Taifa hukumbuka vita kwa miaka. Familia hukumbuka kwa tarehe. Fungua gazeti lolote la Dar es Salaam au Nairobi kwenye ukurasa wa matangazo ya kumbukumbu, uone picha ndogo ya marehemu, jina lake, tarehe, na maneno ya watoto wake kwamba leo imetimia miaka mitano, au kumi na miwili, tangu awatoke. Tangazo la namna hiyo halina maana likitoka siku nyingine. Uwanja wa Frankfort hutoa tangazo kama hilo kila siku yenye jua, bila mtu kulilipia.

Hesabu inayowezesha jambo hilo si ngumu kuifuata. Chukua fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja, uisimike uani mahali ambapo jua halizuiwi na ukuta wala mwembe. Tumia timazi ya fundi mwashi kuhakikisha haikuinama. Kuanzia asubuhi, kila baada ya muda mfupi, weka kokoto pale ncha ya kivuli ilipofika. Kufika jioni utakuwa na mstari wa kokoto unaoanzia mbali upande wa magharibi, unaoisogelea fimbo jua linapopanda, kisha unaokwenda zake mashariki. Kokoto iliyo karibu kuliko zote na fimbo ndiyo ya adhuhuri halisi ya hapo ulipo, na mstari kutoka kwenye fimbo kupitia kokoto hiyo umelala kaskazini na kusini. Dira ya sumaku hupotoka kidogo kulingana na mahali. Mstari huo haupotoki.

Rudia zoezi baada ya mwezi mmoja na kokoto zako zitaangukia penginepo. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo dunia inapolizunguka jua, jua linaonekana kupanda kaskazini hadi Juni na kushuka kusini hadi Desemba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni, adhuhuri, fimbo yako ya mita moja itatupa kivuli cha sentimita 58 kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba itatupa kivuli cha sentimita 30 tu, tena kuelekea kaskazini. Na kuna siku mbili kwa mwaka, kama tarehe 4 Machi na 10 Oktoba, ambapo jua hupita juu ya utosi kabisa na fimbo hukosa kivuli.

Kivuli basi kinajibu maswali mawili kwa pamoja: ni saa ngapi, na ni tarehe gani. Mafundi wa zamani walijifunza kuyatenganisha. Anayetaka saa pekee huulaza mlingoti wa saa yake uwe sambamba na mhimili wa dunia, ukielekea kaskazini kwa mwinuko unaolingana na latitudo ya mahali (kusini mwa ikweta huelekea kusini). Kwa kuwa dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa kuuzunguka mhimili huohuo, ukingo wa kivuli utaangukia mstari uleule wa saa iwe Juni au Desemba. Anayetaka tarehe huuacha ukingo akafuata ncha. Ncha haifanani siku hadi siku. Kila siku inachora njia yake juu ya ardhi. Siku za mlingano wa mchana na usiku, Machi na Septemba, njia hiyo ni mstari ulionyooka kutoka magharibi kwenda mashariki. Siku nyingine zote ni mkunjo, unaopindia upande mmoja nusu ya mwaka na upande wa pili nusu nyingine.

Sasa irudishe hesabu hiyo Frankfort. Mji huo uko karibu nyuzi 38 kaskazini mwa ikweta, na kule jua halifiki utosini hata siku moja. Adhuhuri, kivuli huelekea kaskazini mwaka mzima. Katikati ya kiangazi urefu wake ni kama robo ya kimo cha mlingoti, na Desemba unakaribia mara mbili ya kimo hicho. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo Roberts alipopata ukurasa wa kuandikia. Kila tarehe ina mkunjo wake, na kila jina likawekwa juu ya mkunjo wake kwa hesabu ya kimo cha mlingoti, mahali ulipo na mwendo wa jua.

Kazi ya namna hiyo ina matatizo ambayo mchonga sanamu hayajui. La kwanza ni kwamba jua hupita njia ileile mara mbili kwa mwaka, mara moja likienda na mara moja likirudi. Mkunjo wa katikati ya Aprili unakaribiana sana na ule wa mwisho wa Agosti. Ncha ya kivuli peke yake haiwezi kusema ni ipi kati ya siku hizo mbili, kwa hiyo mtu anayejua tarehe anahitajika bado. La pili ni ukungu wa kivuli. Jua si nukta. Angani lina upana wa karibu nusu ya nyuzi, na kwa ajili hiyo kingo za kivuli hufifia. Mwale ukisafiri mita 5 kutoka kwenye ncha ya mlingoti hadi kwenye jiwe, ukingo unafifia kwa upana wa kama sentimita 4 au 5, yaani zaidi ya kimo cha herufi nyingi zinazochongwa kwenye mawe. Mbunifu anayedai usahihi wa unywele kwenye uwanja wazi anajidanganya. Inatosha kivuli kifike kwenye jina.

Halafu kuna watu ambao hawakupewa mahali kwenye njia hiyo. Majina ya waliopotea vitani, wasiojulikana walikufa siku gani wala kama walikufa, yaliwekwa nyuma ya mlingoti, upande ambao ncha ya kivuli haifiki kamwe. Sijui njia ya kweli zaidi ya kuliandika jambo hilo katika jiwe. Hakuna aliyetafuta tarehe ya kubuni ili mpangilio upendeze. Pasipo na tarehe, kivuli hakiendi.

Kabla ya Frankfort, vivuli vikubwa vya hadhara viliwahi kufanya kazi nyingine kabisa. Mwaka 10 kabla ya Kristo, Kaisari Augusto alisimamisha mjini Roma mnara wa jiwe moja wenye urefu wa karibu mita 22, uliobebwa kwa meli kutoka Heliopolis, Misri. Kivuli chake cha adhuhuri kiliangukia mstari uliotandazwa sakafuni na kutiwa alama za shaba, kikionyesha majira ya mwaka yanavyosogea. Wanaakiolojia waliochimba chini ya nyumba za Roma karibu mwaka 1980 walikuta kipande cha mstari huo, herufi zake za Kigiriki zikiwa bado mahali pake. Mnara wenyewe umesimama leo mbele ya bunge la Italia, na maandishi ya Kilatini kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba umetolewa kwa Jua baada ya Misri kuwekwa chini ya mamlaka ya watu wa Roma. Ulikuwa ukumbusho wa ushindi. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyeandika karne moja hivi baadaye, alilalamika kwamba kwa miaka 30 kivuli kilikuwa hakikubaliani tena na alama, akakisia kwamba huenda ardhi ilitikisika au mafuriko ya mto Tiber yameuzamisha mnara kidogo. Walioshindwa hawakuandikwa popote kwenye sakafu ile.

Nchi za Kiislamu zilikipa kivuli kazi iliyo karibu zaidi na maisha ya mtu wa kawaida. Karibu mwaka 1371, Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya jua ya marumaru yenye mlingoti uliolazwa sambamba na mhimili wa dunia. Ni mojawapo ya saa za zamani zaidi za namna hiyo zinazojulikana. Pwani yetu, alasiri bado ni suala la kivuli: kwa madhehebu ya Shafi, wakati wake huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kimo cha kitu chenyewe, baada ya kuongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kwa fimbo yako ya Dar es Salaam, hiyo ni sentimita 158 katikati ya Juni na sentimita 130 katikati ya Desemba. Na mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei kama saa 6:18 mchana na tarehe 15 au 16 Julai kama saa 6:27, jua huwa juu ya Kaaba hasa. Kwa kuwa saa yetu ya Afrika Mashariki ni moja na ya Makka, si kazi kusubiri dakika hiyo: fimbo yoyote iliyosimama wima, Mombasa au Tabora, itatupa kivuli kinachotoka moja kwa moja upande wa kibla.

Saa yetu ya ukutani, hata hivyo, si saa ya jua letu. Imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua huchelewa kwa wastani wa dakika 23. Kigoma huchelewa saa nzima. Ongeza tena kwamba dunia hailizunguki jua kwa mwendo ulio sawa, na mhimili wake umeinama: mambo hayo mawili hulifanya jua litangulie wastani huo kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa dakika 14 katikati ya Februari. Ndiyo maana adhuhuri halisi ya Dar es Salaam huja kama saa 6:07 mchana mwezi Novemba na saa 6:37 mwezi Februari, na hakuna saa iliyoharibika.

Tofauti kati ya saa ya ukutani na jua imewahi kuitesa kumbukumbu moja mashuhuri. Mjini Melbourne, Australia, jengo la ukumbusho wa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1934. Wasanifu wake, Philip Hudson na James Wardrop, waliacha tundu kwenye paa ili kila mwaka, tarehe hiyo, saa tano kamili asubuhi, mwale wa jua uingie gizani na kupita juu ya jiwe lililowekwa chini ya usawa wa sakafu, ukiangaza neno la upendo lililochongwa pale. Hiyo ndiyo saa bunduki zilipowekwa chini huko Ulaya mwaka 1918. Hesabu ilikuwa sahihi. Kisha mwaka 1971 jimbo la Victoria likaanza kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, na kule kusini Novemba imo ndani ya kipindi hicho. Jua likaendelea kuja kwa wakati wake. Watu ndio waliokuwa wamekuja saa nzima mapema. Ikabidi vioo viwekwe ili kuuelekeza mwale ndani saa tano ya serikali. Siku nyingine za mwaka wageni huonyeshwa mwale wa taa ya umeme. Naelewa kwa nini, watu husafiri kutoka mbali. Lakini kitu kilichobuniwa kwa dakika moja ya mwaka kinapoteza uzito wake kikioneshwa kila nusu saa.

Wabunifu wa Anthem, mji mdogo kaskazini ya Phoenix huko Arizona, hawakukumbana na tatizo hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya Arizona haibadilishi saa. Kumbukumbu yao ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 2011: nguzo tano nyeupe, moja kwa kila tawi la jeshi la Marekani la wakati huo, zikipungua kimo kutoka ya nyuma hadi ya mbele, kila moja na tundu lenye umbo la yai. Saa tano na dakika 11 asubuhi ya tarehe hiyo, matundu yote matano hupangana na jua, na duara moja la mwanga huangukia nembo ya taifa iliyotengenezwa kwa vigae sakafuni. Wakati wenyewe hutofautiana kwa sekunde chache mwaka hadi mwaka, kwa sababu mwaka wa jua haugawanyiki katika siku kamili. Ni kazi ya kihandisi ya kupendeza, nami naiheshimu. Ila kama ya Melbourne, inamfanya kila mtu akumbukwe kwa dakika moja ya pamoja. Frankfort nayo ina dakika hiyo, kwani saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba kivuli chake hufika kwenye maandishi maalumu. Baada ya hapo hurudi kwenye kazi yake ya mtu mmoja mmoja.

Tarehe 11 Novemba saa tano asubuhi haikuwa mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwetu. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck lilipata habari siku chache baadaye, likiwa katika Zambia ya leo, na likasalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. Katika majuma hayo mawili, kama katika miaka minne iliyotangulia, walioubeba msafara ni wapagazi. Jeshi la Uingereza lilichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasa na kwingineko. Walikufa zaidi kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na kwa kuchoka kuliko kwa risasi.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa barabara ya Samora, ilisimamishwa mwaka 1927. Nyingine zikawekwa Nairobi na Mombasa. Maandishi yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanawataja askari Waafrika na wapagazi kwa jumla. Hakuna jina hata moja. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina kwenye nyaraka za zamani.

Nimeandika juu ya kivuli kwa muda wote huu nikiwafikiria watu hao. Saa ya jua ya kumbukumbu inahitaji vitu vinne: kimo cha mlingoti, latitudo, jina na tarehe. Viwili vya kwanza fundi yeyote mwenye tepu na ramani anavipata kwa asubuhi moja. Viwili vya mwisho vinategemea karani aliyekaa juu ya sanduku chini ya mti mwaka 1917, akiwa na daftari mkononi, akaamua kama mtu aliyeachwa njiani anastahili mstari wake. Kwa askari wa Kizungu mstari uliandikwa. Kwa mpagazi mara nyingi iliandikwa namba ya jumla ya waliopungua kikosini. Unyimaji huo ulitendwa mapema kuliko mawe na shaba, na hauwezi kurekebishwa kwa mawe na shaba pekee. Kinachohitajika kwanza ni watu wa kukaa na makaratasi ya jeshi, ya misheni, ya wilaya na ya malipo, Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, Zomba na London, wakiinua jina moja moja pamoja na siku yake. Ni kazi inayowafaa sana wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu, na inastahili kulipiwa.

Mahali pa kuyaweka majina hayo panaweza kupimwa leo. Kumbukumbu kama ya Frankfort haiwezi kunakiliwa Dar es Salaam kama ilivyo. Huku kivuli cha adhuhuri huenda kusini kuanzia Machi hadi Oktoba na kaskazini miezi iliyobaki, kwa hiyo uwanja lazima utandazwe pande zote mbili za mlingoti. Kwa mlingoti wima wa mita 4, ncha ya adhuhuri hutembea kati ya mita 2.33 kusini na mita 1.19 kaskazini. Tarehe 25 Novemba jua hufika kileleni kama saa 6:10 mchana, na ncha huangukia karibu mita moja kaskazini: hapo lingekaa jiwe la Mbala, la wote kwa pamoja. Hatutahitaji vioo kama Melbourne, kwa sababu saa zetu hazisogezwi.

Wala hatuna hapa upande wa nyuma usiofikiwa na kivuli, kama walio nao Frankfort. Wasio na tarehe wangelazimika kukaa nje ya mkunjo wa Juni, zaidi ya mita 2.33 kusini mwa mlingoti, kwenye vigae ambavyo havikusakafiwa kwa saruji, ili vinyanyuliwe. Kila jina litakapopatiwa siku yake kwenye nyaraka, kigae chake kinaondolewa pale na kuingizwa ndani, kwenye mkunjo wa tarehe hiyo.